Kubadilisha paipu za breki na petroli kwenye Land Rover Series III

Paipu iliyotaka kuniua haikufika hata dhiraa moja. Inakaa juu ya ekseli ya nyuma, inatoka kwenye tii ya shaba kwenda gurudumu la kushoto, na imebanwa na kipande kidogo cha bati. Nyuma ya bati hilo matope na chumvi ya Tanga vilijificha miaka na miaka, vikala chuma kimyakimya. Siku ilipotoboka nilikuwa natelemka kutoka Lushoto, Soni nimeshaipita, mbele kona na ubavuni bonde. Pedeli ikazama hadi sakafuni kama nakanyaga unga. Nikarudisha gia ya pili, nikarudisha ya kwanza, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, gari likasimama limeuegemea mlima. Mama mmoja niliyempa lifti pamoja na mkungu wake wa ndizi akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, tumefika?"

Kilichoniuma baadaye si hiyo paipu. Miezi michache kabla, paipu ya mbele ilivuja, fundi akaibadilisha, akaitazama ya nyuma akasema bado nzima, nami kwa kubana hela nikaitikia. Lakini paipu zote za gari lile zilifungwa siku moja, zimekula matope yaleyale, zimenyeshewa mvua zilezile. Moja ikioza, nyingine ziko njiani. Na Series III nyingi, hasa za miaka ya 1970, zina mzunguko mmoja tu wa breki: masta silinda moja inayosukuma magurudumu yote manne kupitia njia moja. Likitokea tundu popote, hakuna gurudumu linalobaki na breki. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa kubadilisha zote kwa mpigo, pamoja na mipira yake inayopitisha mafuta ya breki, na za petroli pia maana umeshalala chini ya gari.

Ninaandika kuhusu Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Ya dizeli ina habari nyingine upande wa mafuta, ila breki ni zilezile.

Lijue gari lako kabla ya kwenda dukani

Fungua boneti utazame masta silinda. Ikitoka paipu moja, una mzunguko mmoja. Zikitoka mbili, gari lako ni la baadaye, lina mizunguko miwili, na chora ramani yake kabla hujalegeza chochote. Ifuate paipu kwa macho na kidole hadi mwisho: inashuka hadi kwenye chesisi, inagawanyika kwenda magurudumu ya mbele, na tawi refu linafuata chesisi hadi nyuma. Mipira ni mitatu: miwili ya mbele, kila upande mmoja, na mmoja wa nyuma unaounganisha chesisi na ekseli. Kwenye ile ndefu ya 109 (inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma; fupi ni 88), breki za mbele zina wili silinda mbili kwa kila gurudumu, yaani silinda ndogo zinazosukuma breki shuu, na kipaipu kifupi kinaziunganisha nyuma ya bamba la breki. Hicho husahaulika sana. Kiandike.

Piga picha kila kiungo. Simu yako ina nafasi.

Sasa tuje kwenye nati, na hapa naomba usiruke mistari. Land Rover hizi ni za inchi. Nati nyingi za paipu za breki ni 3/8 UNF, yaani nyuzi laini za inchi, 24 kwa kila inchi. Dukani kwetu kumejaa spea za Toyota, na za Toyota ni milimita: M10 yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1. Ukiziweka kiganjani ni mapacha. Lakini 3/8 ya inchi ni milimita 9.5, na hatua yake ni milimita 1.06. Maana yake ni hii: nati ya 3/8 ukiitia kwenye tundu la M10 itaingia, tena itaingia vizuri, itazunguka kwa vidole na kukupa raha. Ukiikaza itaonekana imeshika. Siku utakapokanyaga breki kwa nguvu zako zote, nyuzi zitachomoka. Kinyume chake, nati ya Toyota kwenye tundu la Land Rover itagoma baada ya mizunguko miwili, na fundi mwenye haraka ataisukuma kwa spana hadi iharibu tundu la wili silinda.

Gari lililopita mikono mingi linaweza kuwa na vyote viwili. Langu lilikuwa na wili silinda moja ya nyuma iliyowekwa ya milimita, sijui tangu enzi ya nani. Basi kagua kila tundu kwa nati unayoijua ni salama. Nati sahihi huingia kwa vidole hadi karibu na mwisho bila kuchezacheza. Ikicheza kushoto na kulia, simama.

Spana nayo ni mtego. Nati hizo huchukua spana ya 7/16 ya inchi, ambayo ni milimita 11.1. Namba 11 itagoma au itaingia kwa kubana, namba 12 itaingia kirahisi na kuzila kona zote. Tafuta 7/16 ya kweli, na ikiwezekana ile spana ya pete iliyokatwa mdomo ili ipite kwenye paipu. Hiyo inashika pande tano za nati badala ya mbili.

Jambo la mwisho ni sura ya mdomo wa paipu. Kuna mdomo uliovimba kama uyoga mdogo, na kuna uliopanuliwa kisha ukakunjwa ndani mara mbili kama faneli. Magari ya Kiingereza huchanganya: kwa kawaida nati ya dume hukaa na uyoga, na nati ya jike hukaa na ule uliokunjwa mara mbili. Usikariri. Tazama mdomo wa paipu ya zamani na tundu inamokaa, kisha unakili. Mdomo usiolingana na kikalio chake utavuja hata ukikazwa na Samsoni.

Paipu gani

Ya breki ina kipenyo cha nje cha 3/16 ya inchi, yaani milimita 4.75. Una chaguo tatu.

Chuma ndicho kilichotoka kiwandani. Ni imara, ni rahisi kwa bei, na kwa mtu wa Dodoma au Nakuru kinatosha kabisa. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa, Unguja au Lamu, chuma ni kuweka miadi na kutu.

Shaba tupu inapindika kama uzi na haishiki kutu, lakini kwa mtikisiko wa miaka hugeuka ngumu na kupasuka, hasa karibu na nati. Barabara zetu zinajulikana.

Ninayotumia mimi ni aloi ya shaba na nikeli, asilimia 90 kwa 10, inayouzwa kwa jina la Kunifer na majina mengine. Haioti kutu, inapindika kwa mkono, na mdomo wake unapanuka bila kuchanika. Huja kwa koili ya futi 25, takriban mita 7.6. Kwa ile fupi ya 88 koili moja kwa kawaida inatosha, kwa 109 pima kwanza. Ni ghali, lakini utainunua mara moja.

Halafu kuna paipu ya fundi friji. Ni shaba, kipenyo ni kilekile, bei ni ya kutupa, na kila gereji ina mtu anayeapa kwamba ameitumia miaka kumi. Niache na woga wangu. Ukikanyaga breki kwa dharura, shinikizo ndani ya paipu linaweza kuvuka bar 70, wakati tairi lako lina bar mbili na kitu. Paipu ya friji haikutengenezwa wala kupimwa kwa kazi hiyo.

Ya petroli ni pana zaidi, 5/16 ya inchi, karibu milimita 8, na aloi hiyohiyo hupatikana kwa ukubwa huo.

Nunua pia nati mpya zote, mipira mitatu mipya, washa mpya za shaba, klipu za kubania paipu, na makopo mawili ya mafuta ya breki. Usirudishe nati ya zamani kwa kuihurumia.

Kulinyanyua gari

Hendibreki ya Land Rover hizi haikamati magurudumu. Inakamata dramu iliyo nyuma ya gia boksi, kwenye propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Gari likiwa chini lote, sawa. Lakini ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu, gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, inaliruhusu lile lililo hewani kuzunguka, na lile lililo chini linakuwa huru kuviringika. Hendibreki imevutwa hadi mwisho na gari linaondoka. Watu wameangukiwa kwa kutojua hili.

Kwa hiyo: sakafu ngumu iliyo sawa, magogo ya pembetatu mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, kisha stendi za chuma chini ya chesisi au ekseli. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Matofali ya saruji nayo hapana, hupasuka bila kupiga hodi. Lisukume gari kwa bega kabla hujaingia chini. Likitikisika, panga upya.

Uzuri wa Land Rover ni kwamba imeinuka kiasi kwamba sehemu kubwa ya kazi utaifanya magurudumu yakiwa chini. Tumia bahati hiyo.

Kuzitoa za zamani

Siku mbili kabla, piga kila nati kwa brashi ya waya na uipulizie mafuta ya kulegeza kutu. Rudia kesho yake asubuhi na jioni. Usiku wa kusubiri unafanya kazi kubwa kuliko mkono.

Usianze kwa kukata paipu ovyo. Paipu ya zamani ndiyo kielelezo chako: urefu wake na mikunjo yake ndivyo utakavyonakili. Itoe nzima kadiri inavyowezekana, uifunge karatasi yenye maandishi, "mbele kulia", "nyuma ndefu", na kadhalika. Nati ikikataa kabisa, ndipo ukate paipu pembeni yake kwa msumeno, uvike soketi ndefu juu ya nati na kuifungua. Hapo pima urefu kwanza, kwa kamba.

Kwenye mipira, shika kichwa cha mpira kwa spana moja na nati ya paipu kwa nyingine. Ukizungusha moja tu, mpira unajisokota na paipu inajikunja, na kila kitu kinakuwa shati la kukamua.

Mafuta ya breki yatakudondokea. Yanakula rangi ya gari na yanawasha machoni, kwa hiyo vaa miwani na uwe na ndoo ya maji karibu: yanaoshwa na maji, mradi usichelewe. Kila tundu linalobaki wazi lizibe kwa kipande cha nailoni na mpira wa kufungia. Chembe moja ya mchanga ndani ya wili silinda inatosha kuikwaruza.

Wakati dramu ziko karibu, zifungue. Wili silinda inayolia machozi chini ya kifuniko chake cha mpira haistahili kufungiwa paipu mpya.

Kukata, kupanua mdomo, kukunja

Hapa ndipo watu huogopa, na sioni kwa nini. Kifaa cha kupanulia mdomo ni vipande vya kubana paipu, vishina viwili vya kuchomeka na skrubu ya kukandamiza. Kizuri ni kile kinachofungwa kwenye jiliwa. Vile vya bei rahisi vya kushika mkononi vinateleza na kutoa mdomo uliopinda. Azima kwa mwenzako kabla ya kununua kibaya.

Kabla ya paipu halisi, fanya midomo kumi kwenye kipande cha kutupa. Mimi sita za mwanzo zilikuwa aibu.

1. Kata kwa kikatio cha gurudumu kidogo, ukikaza taratibu kila mzunguko. Msumeno huacha mdomo wa mshazari na vumbi la chuma ndani.
2. Lainisha kingo kwa tupa, ndani na nje, kisha pulizia hewa kutoka upande wa pili.
3. Vika nati. Sasa hivi. Hakikisha imeelekea upande wake. Utakapomaliza mdomo mzuri kuliko yote na kuona nati iko mezani, utanikumbuka.
4. Bana paipu ikiwa imechomoza kwa kipimo cha ngazi iliyo kwenye kishina. Ikizidi utapata mdomo mkubwa usioingia, ikipungua utapata mwembamba.
5. Weka tone la mafuta ya breki kwenye ncha, kandamiza kwa kishina cha kwanza. Umepata uyoga. Ikiwa ndio unaotakiwa, umemaliza.
6. Kwa mdomo wa mara mbili, ondoa kishina hicho, kandamiza kwa kile kilichochongoka hadi ukuta uingie ndani.

Ushike mwangani uuzungushe. Unatafuta duara kamili, liko katikati, halina ufa wala mkwaruzo kwenye uso unaokaa. Ukiona ufa mdogo kama unywele, kata urudie. Ndiyo maana hatua ya kukunja huja baada ya mdomo wa kwanza tu, na mdomo wa pili hufanywa ukishajua urefu halisi.

Kukunja: nyoosha koili kwanza kwa kuiviringisha kwenye meza chini ya ubao. Lalisha paipu ya zamani kando, ufuate. Mkunjo uwe wa taratibu, kuzunguka soketi kubwa au kopo la rangi ya kupuliza, kamwe si kwenye goti wala kwenye kona ya meza. Paipu iliyobonyea haibonyoleki tena, ni ya kutupa. Karibu na mdomo acha inchi mbili zilizonyooka ili nati iweze kurudi nyuma. Na pale paipu inapotoka masta silinda kwenda kwenye chesisi, acha mkunjo mpana wenye ulegevu. Bodi na chesisi hucheza kila kimoja kivyake, na paipu iliyokazwa kama uzi wa gitaa itakatika.

Kufunga

Anza nyuma uje mbele. Tawi refu la kwenye chesisi ndilo gumu kulipitisha, lifanye asubuhi ukiwa na nguvu. Funika mdomo kwa tepu ya karatasi wakati unaipitisha ili isizoe matope.

Nati zote zianze kwa vidole. Rudia: vidole, mizunguko minne au mitano, kabla spana haijasogea. Ukikuta inagoma mwanzoni, paipu imekaa upande: ilegeze, isogeze, ujaribu tena. Zikishaingia zote, kaza kwa kiwiko kilicholegea, fungua robo mzunguko, kaza tena. Mara ya kwanza mdomo unajilaza kwenye kikalio chake, mara ya pili unashika. Shaba na nikeli ni laini, ukikaza kwa hasira unaikata shingo.

Mipira uifunge gari likiwa limekaa kwa uzito wake, kisha zungusha usukani hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, ukitazama kama mpira unagusa tairi au chesisi. Mstari uliochorwa kwenye mpira ubaki umenyooka. Ukiona umejizungusha kama kamba ya katani, umeusokota.

Klipu kila sentimita 30 hivi. Paipu isiguse chuma popote inapotikisika, na isipite karibu na ekzosi. Mahali inapopenya tundu la bati, vika mpira. Mimi hupaka grisi nyuma ya kila klipu, kwa kumbukumbu ya Soni.

Mafuta ya breki na kutoa upepo

Tumia DOT 3 au DOT 4. Mimi naweka DOT 4: ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, DOT 3 kuanzia 205. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, na yakishanyonya, kiwango cha DOT 4 kinashuka hadi 155 na cha DOT 3 hadi 140. Ndiyo sababu kopo lililokaa wazi kabatini ni la kutupa. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na hizi. Na mafuta ya injini au ya usukani, hata tone, yanavimbisha raba zote za mfumo. Ukihitaji kuosha sehemu za ndani, spiriti au mafuta yenyewe ya breki, si petroli.

Land Rover hizi zina sifa mbaya ya kushikilia upepo, na 109 ndiyo mkaidi wao. Dawa yake ni rahisi: nyuma ya bamba la kila breki kuna kichwa cha kurekebishia breki shuu, kimoja kwa kila gurudumu, na viwili kwenye mbele za 109. Kabla ya kutoa upepo, vizungushe vyote hadi shuu zibane dramu na gurudumu ligome. Hapo shuu hazina pa kusogea, mkanyago haupotei kwa kusukuma pistoni bali unasukuma mafuta na upepo nje, na kazi ya nusu siku inakuwa ya saa moja.

Jaza kopo la masta silinda, fungua nipeli zote, zile skrubu ndogo za kutolea upepo nyuma ya magurudumu, uache mvuto wa ardhi ufanye kazi. Zikianza kudondoka, zifunge. Kisha tafuta mtu wa kukanyaga. Anza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari la usukani kulia, hilo ni la nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Vika mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipeli, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

"Kanyaga!" Anakanyaga polepole. "Shikilia!" Unafungua nipeli nusu mzunguko, mafuta na mapovu yanatoka. Unafunga. "Achia!" Anaachia polepole. Akiachia kabla hujafunga, mnaanza upya, kwa hiyo usimpe kazi hii mtu anayechati. Baada ya kila mara tano tazama kopo. Likikauka unavuta upepo mpya na jua linazama.

Kama masta silinda ni ya zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedeli isifike sakafuni. Huko mwisho raba haijawahi kupita, kuna kutu, na itakwaruzika. Nimeona masta silinda iliyokuwa nzima ikafa siku ya kutolewa upepo kwa sababu hiyo tu.

Yakitoka mafuta matupu kwa magurudumu yote, legeza vichwa vya kurekebishia hadi kila gurudumu lizunguke huru, kwa shida ndogo ya mguso. Pedeli iwe ngumu na isishuke.

Mafuta machafu yaliyotoka, yakusanye chupani. Yasimwagwe mtaroni wala kwenye migomba.

Upande wa petroli

Hii ifanye siku nyingine. Mtu aliyechoka na petroli hawapatani.

Ondoa waya wa betri, ule wa hasi. Usifanyie kazi hii juu ya shimo la gereji: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatelemka na kujaa shimoni, ukisubiri cheche. Jiko la mkaa la mama ntilie wa jirani lisogee, au usogee wewe. Na tabia ya kunyonya petroli kwa mdomo iachwe, inaua mapafu.

Kwenye 88 na pikapu ya 109 tangi liko chini ya kiti cha kulia. Kwenye 109 ya abiria liko nyuma. Chini yake kuna bolti ya kumwagia. Mwaga kwenye dumu la chuma, ulifunge, ulipeleke mbali. Kitakachotoka mwisho ni kutu na mchanga, na kitakueleza kwa nini gari lilikuwa linakohoa.

Toa paipu ya zamani kutoka tangini hadi kwenye pampu, na kutoka pampu hadi kwenye kabureta. Viungo vingi vya asili hutumia pete ndogo ya shaba inayobanwa na nati. Pete mpya kila paipu mpya. Ukichagua kuunganisha kwa mpira, mdomo wa paipu usibaki mtupu: ufanyie uvimbe mdogo kwa kile kishina cha kwanza cha kupanulia, mpira uvuke uvimbe huo, na klipu ikae nyuma yake. Mpira wenyewe uwe umeandikwa ni wa mafuta. Alama za SAE J30R6 au J30R9 ndizo za kutafuta, ya pili ni bora. Mpira wa maji unayeyuka kwa ndani na kutuma vipande kwenye kabureta, na ule wa plastiki unaoonyesha ndani hukakamaa na kupasuka. Tumia mpira mfupi kadiri iwezekanavyo, paipu ndefu kadiri iwezekanavyo.

Pitisha mbali na ekzosi. Kwa joto la pwani, petroli ikichemka ndani ya paipu gari linazima kwenye foleni na kukataa kuwaka hadi lipoe.

Pampu ya asili ina kikombe cha kioo cha kukusanya uchafu na chujio la wavu. Vifungue, vioshe, weka gasketi mpya. Ina pia kiwiko kidogo cha kupampu kwa mkono. Baada ya kurudisha petroli lita chache, pampu nacho hadi kikombe kijae, kabla ya kurudisha betri. Ukiona kiwiko kimelegea hakina ukinzani, usiilaumu pampu: kemu ya injini inayoiendesha imeisukuma juu. Zungusha injini kidogo kwa hendeli, ujaribu tena.

Pampu, futa kila kiungo kwa karatasi nyeupe, ngoja dakika kumi, futa tena. Karatasi ikibaki kavu, rudisha betri, washa, utazame tena injini ikinguruma.

Kulijaribu

Kabla gari halijasogea, mwenzako akanyage breki kwa nguvu zake zote na kushikilia dakika nzima, nawe uzunguke na tochi na karatasi kwenye kila nati. Pedeli ikishuka polepole bila tone lolote nje, masta silinda inapitisha kwa ndani na inahitaji kufunguliwa. Ikidunda kama mpira, bado kuna upepo: rudi gurudumu la kwanza.

Kisha uwanjani, kilomita 10 kwa saa, kanyaga. Kilomita 20, kanyaga. Likivuta upande mmoja, rekebisha shuu za mbele zilingane. Hendibreki uijue pia, lakini uivute kwa upole gari likiwa mwendoni. Inakamata propela, na ukiishtua unaweza kuvunja ekseli.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, lala chini utazame. Tazama tena baada ya kilomita 100, na hapo pitisha spana kwenye nati zote bila kuzilazimisha. Rudisha vifuniko vya raba kwenye nipeli, na kwa rangi nyeupe andika juu ya kopo la masta silinda tarehe ya leo na neno DOT 4, ili atakayefungua boneti baada ya miaka miwili, hata akiwa ni wewe mwenyewe umesahau, ajue ni lini mafuta yanatakiwa kubadilishwa.